Viza: usiwaonyeshe maisha ya mtu mwengine

Alkhamisi iliyopita baada ya adhuhuri alinijia dukani jirani yetu wa zamani wa Bondeni, mimi namwita khalati ingawa si wa damu, kaja na bahasha kaikunja ndogo kaishika pamoja na ncha ya buibui, akakaa kwenye kibao cha mlangoni na hata salamu hazijesha akanambia "mwanangu hebu nsomee hii, wamenambia nimekataliwa lakini sijui nimekataliwa kwa lipi." Nlipoifungua tu nikajua. Ni ile ile fomu yenye visanduku nilopewa mimi mwaka 2022, na alama zimetiwa pale pale zilipokuwa zangu, kwamba lengo na masharti ya safari hayakuthibitishwa, na kwamba kuna shaka kama atatoka kule kabla viza haijaisha. Mtu mzima wa miaka sitini na kitu, ana nyumba, ana wajukuu saba hapa hapa Mombasa, anakwenda kumuona mwanawe alojifungua, eti kuna shaka kama atarudi. Alilia, na mimi nikalia naye.

Tukayatoa makaratasi yake yote tukayatandaza juu ya madera, moja moja, na tulipofika kwenye steitimenti ya benki nikamuuliza "khalati, hizi laki tatu zimetoka wapi?" Akanyamaza kidogo. Kisha akasema "ni za mkwe wangu, alinitilia nionekane nina kitu."

Basi ndo maana nimekaa usiku huu naandika. Nimeshasoma barua kama hizi za watu sita saba mtaani kwetu na ukiondoa moja tu zote zina jambo lile lile ndani yake, mtu kaona maisha yake ya kweli hayafai kuonyeshwa, akaazima ya mtu mwengine akayapeleka ubalozini.

Wacha nisimulie yangu kwanza. Mimi nauza leso na madera Mtaa wa Biashara, miaka mingi sasa. Mwaka ule wa 2022 mdogo wangu, anaishi nchi moja ya Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, ambayo sitaitaja, alikuwa na mimba ya kwanza na hana mtu kule, mamangu hawezi safari ndefu miguu yamuuma, ikaamuliwa mimi ndo niende nikamwangalie mzazi. Nikaelekezwa kwa ajenti mmoja mjini, akataka elfu thelathini mbali na ada ya ubalozi. Akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia. Akatikisa kichwa, "dada ukiandika unauza leso hupati, wale hawaelewi biashara ya leso, tutakuandika meneja." Na mimi nikakubali, manake nlikuwa naamini hivo hivo, kwamba duka la mlango mmoja na daftari la mkopo si kitu cha kumuonyesha mzungu. Akanitengenezea barua kwamba mimi ni meneja wa kampuni ya kuagiza nguo, mshahara elfu tisini kwa mwezi. Ami yangu naye kwa mapenzi yake akatia laki nne kwenye akaunti yangu siku nane kabla sijaenda kuchukua steitimenti, "wakiona pesa mwanangu hawatakusumbua." Na siku za kukaa ajenti akajaza tisini zote, eti ukiomba chache utapewa chache zaidi.

Sasa hebu kaa wewe kwenye kiti cha yule afisa wa viza. Hakujui. Hajawahi kufika Mombasa pengine, na hatampigia jirani yako kumuuliza huyu mtu vipi. Alonacho ni yale makaratasi tu na dakika chache za kuyaangalia. Anafungua barua, inasema mshahara elfu tisini kila mwezi. Anafungua steitimenti, miezi yote hakuna mwezi hata mmoja elfu tisini imeingia, salio linacheza elfu nane, elfu kumi na tano, elfu tatu, halafu ghafla laki nne kwa mpigo mmoja, halafu kimya. Anaangalia siku, tisini. Meneja gani anaacha kazi miezi mitatu na kampuni isimtafute? Kila karatasi inagombana na mwenzake. Afisa hata hahitaji kujua uongo uko wapi, akishaona vitu havishikani anatia alama kwenye kisanduku anaendelea na faili jengine.

Nlipoteza euro 80 za ada, elfu thelathini za ajenti, nauli ya Nairobi kwenda na kurudi, na mdogo wangu akajifungua akiwa na jirani yake wa Kituruki ndo alomkandia uji. Pesa zilirudi kwa kuuza. Ile siku ya kuzaliwa hairudi.

Na ada hairudishwi, hilo mjue mapema. Sasa hivi Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima tangu tarehe 11 Juni 2024, watoto wa miaka 6 mpaka chini ya 12 ni nusu yake, na juu ya hapo kuna malipo ya kile kituo kinachopokea maombi kwa niaba ya ubalozi. Marekani viza ya matembezi ni dola 185. Unyimwe usinyimwe zimekwenda. Kwa mtu wa huku kwetu ongeza treni mpaka Nairobi, ekonomi 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, na pa kulala kama huna ndugu, manake alama za vidole lazima uende mwenyewe. Naona si haki hata kidogo kwamba mtu wa Likoni atoe pesa za mtaji wa mwezi mzima kwa kuulizwa swali tu, lakini ndo hali ilivo, na kwa sababu ni ghali hivo haifai kwenda kubahatisha.

Sasa nlivofanya mara ya pili, mtoto alipokaribia mwaka.

Kwanza sikuomba mara moja. Nlikaa miezi saba. Kila jumatatu asubuhi kabla ya kufungua duka napeleka benki mauzo ya wiki, hata yakiwa elfu sita, hata yakiwa elfu mbili wakati wa mvua ya masika watu hawatoki. Zamani pesa zote zilikuwa zinaishia kwenye kibweta na kwenye simu. Nikaanza kupokea malipo kwa nambari ya tili, ile ya M-Pesa ya biashara, badala ya kila mtu kunitumia kwa namba yangu pamoja na pesa za karo na za msiba na za harusi, manake ukichanganya hivo hata wewe mwenyewe hujui duka linaingiza ngapi. Steitimenti ya M-Pesa unaitoa mwenyewe, bonyeza *334# ufuate au utumie programu yao, inakuja kwa imeili, na mimi niliiambatanisha na ya benki. Watu wengi hawajui kuwa maisha yao ya pesa yote yameandikwa mle, wanaiacha nyumbani wanakwenda kuazima laki nne.

Halafu leseni ya biashara ya kaunti, ilikuwa imening'inia ukutani miaka yote sijawahi kuiona kama ni kitu. Risiti za kodi ya duka. Cheti cha KRA, wale watu wa kodi, na ritani zangu za kodi, ambazo kusema kweli nlikuwa nimeacha miaka miwili sijajaza, nikajaza (mwisho ni 30 Juni kila mwaka kwa mtu binafsi, usingoje siku ya mwisho ule mtandao unakwama). Ankara za mzigo wa leso nnaonunua jumla. Picha mbili za duka, moja niko ndani na wateja. Kisha chama chetu, tuko wanawake kumi na tano, tunachanga kila mwezi, nikaomba mwenyekiti na mweka hazina waandike barua fupi kwamba mimi ni mwanachama tangu mwaka fulani na zamu yangu ya kupokea ni mwezi fulani, nikatia kopi ya ukurasa wa daftari wenye majina na sahihi. Ajenti angecheka. Lakini fikiria, mtu mwenye zamu ya kupokea pesa mwezi wa tisa anarudi kabla ya mwezi wa tisa, hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo kwa mtu kama mimi.

Watoto wangu wawili nlipeleka barua ya shule na risiti za karo za muhula ujao nlizokwisha lipa, na barua ya mamangu kwamba watakaa naye. Msidhani watoto kubaki nyuma kunatosha kwenyewe, lazima uonyeshe nani anawaangalia na lini unatarajiwa.

Ami yangu alitaka kusaidia tena, na safari hii nikamwambia ami saidia lakini tusiifiche. Akaandika barua kwa mkono wake kwamba yeye ni kaka wa babangu, ametoa laki moja na nusu kwa ajili ya tiketi na bima, akatia steitimenti yake ya miezi sita inayoonyesha pesa zilivyotoka kwake siku ile na kuingia kwangu siku ile. Pesa ni ya ami vile vile kama mara ya kwanza, tofauti ni kwamba sasa ina baba na mama. Msaada wa ndugu haukatazwi popote, wala usione haya, kwetu hakuna mtu anasafiri peke yake bila mkono wa ndugu. Wanachokataa ni pesa isiyojulikana imetokea wapi.

Nikaandika barua ya maelezo ukurasa mmoja. Mimi ni fulani, nauza leso, nataka kwenda siku 24 kumuona mdogo wangu na mwanawe, nitalala kwake, chakula na malazi juu yake, tiketi imelipwa na ami yangu barua iko nambari fulani, duka linabaki na binamu yangu, narudi tarehe fulani kwa sababu shule zinafunguliwa tarehe fulani na zamu ya chama ni mwezi fulani. Basi. Hakuna kumsifu balozi wala kuahidi kwa Mungu. Siku 24 kwa sababu ndo siku binamu yangu aloweza kukaa dukani, sikuzitoa hewani. Sheria ya Schengen inaruhusu mpaka siku 90 ndani ya kila siku 180, lakini hizo ni za mwisho kabisa, si kwamba ukiomba zote ndo umefanya maarifa. Mwenye duka anayeomba miezi mitatu anajikanusha mwenyewe.

Upande wa mdogo wangu alituma mwaliko, kopi ya kibali chake cha kuishi, pesilipu zake na za mumewe, mkataba wa nyumba. Hapa kila nchi ina taratibu yake msipeleke barua ya mwaliko ya kuandika tu mkadhani imetosha. Ujerumani kwa mfano mwenyeji akitaka kukudhamini kuna hati rasmi inaitwa Verpflichtungserklärung, anaifuata yeye kule kwenye ofisi ya wageni ya mji wake na mapato yake yanaangaliwa, wewe unapelekewa ile karatasi halisi. Uholanzi mwenyeji anajaza fomu ya udhamini na sahihi yake inathibitishwa manispaa. Muulize ndugu yako mapema, hizo ofisi zao nazo zina foleni, na ukimwambia wiki mbili kabla atakwambia hawezi na mtalaumiana bure.

Na cheti cha kuzaliwa, changu na chake, kuonyesha mama ni mmoja. Hapo ndo nikagundua balaa jengine ambalo nadhani linatuumiza sisi wa pwani kuliko watu wengi. Majina. Mimi kitambulisho na paspoti ni Fatma, cheti cha kuzaliwa ni Fatuma. Babangu kwangu ameandikwa Mohamed, kwa mdogo wangu Muhammad. Sisi tunajua ni mtu yule yule, mashekhe wanajua, mtaa mzima unajua, lakini afisa anaona watu wawili tofauti na wewe unadai ni ndugu. Angalia makaratasi yako leo hii, Swaleh na Saleh, Abubakar na Abubakari, Hussein na Husein, na wanawake waloolewa angalieni na cheti cha kadhi kimeandikwaje manake wengi wetu siku ile tuliandikwa jina la nyumbani. Dawa yake si ngumu, unakwenda kwa wakili unaapa hati ya kiapo kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja, unaiambatanisha na unaitaja kwenye barua ya maelezo. Kama tofauti ni kubwa sana bora urekebishe kabisa kabla ya kuomba paspoti, itachukua muda lakini utakuwa umejikata mzizi wa fitina.

Mambo mengine ntayapitia haraka haraka kwa sababu haya yameandikwa kwenye tovuti zao na ukisoma unaelewa. Paspoti kwa Schengen iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka kule, na kurasa mbili tupu. Bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000, ifunike nchi zote za Schengen na siku zote, isiishe siku moja kabla ya kurudi kama ilivyomtokea kijana mmoja wa Kisauni. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na zikiwa sawa ndo ile unayoingia kwanza, usiende kuomba kwa nchi ambayo watu wanasema "wao hutoa rahisi" halafu buking zako zote ziko kwengine. Unaweza kuomba mpaka miezi 6 kabla ya safari na usichelewe kuliko siku 15, na siku 15 hizo ndo muda wao wa kawaida wa kujibu lakini wana ruhusa kufika 45, kwa hivyo mtu wa safari ya mwezi wa saba awe ameshatafuta apointimenti kitambo. Uingereza si Schengen, ina viza yake mbali. Tiketi usinunue ya kulipia kabisa kabla hujapata, wanataka buking tu, lakini iwe buking ya kweli ambayo wakiangalia wataikuta.

Nikirudi kwenye safari za nyuma, watu hunambia "mimi sijawahi kusafiri ndo maana wameninyima." Sijui mara ngapi nimeuliza nikakuta mtu kaenda Tanga harusini mara tano! Lakini kapita mpakani Lunga Lunga kwa ile karatasi ya muda, paspoti kaiacha kabatini isichakae. Jamani gongeshani muhuri. Uganda vile vile, kitambulisho kinakuvusha lakini hakiachi alama yoyote. Na waloenda Umra, ile viza ya Saudia na tarehe mlorudi ni historia ya safari kama nyengine yoyote, ulikwenda nchi ya watu ukarudi kwa wakati, kama paspoti ya zamani imekwisha usiitupe, ipeleke pamoja na mpya.

Marekani ni mambo mengine kidogo. Kule unajaza fomu ya DS-160 kisha unaitwa intavyu ubalozini Gigiri, na sheria yao, kifungu wanachokiita 214(b), inaanza kwa kukuhesabu wewe kuwa unataka kuhamia mpaka umridhishe afisa kwamba huhami. Hawakutuhumu, ndo sheria ilivyoandikwa kwa kila anayeomba viza ya matembezi. Afisa anaongea na wewe dakika chache tu na mara nyingi hata faili lako hafungui, kwa hivyo ile fomu ndo faili lenyewe, na wewe mdomo wako. Nimewaona vijana wanakariri majibu ya kuandikiwa na ajenti, akiulizwa "unakwenda kufanya nini" anatoa hotuba. Jibu swali uloulizwa, kwa maneno yako. Kwa mfano, nakwenda mahafali ya mwanangu, wiki mbili, chuo fulani, mimi ni fundi wa majahazi Kilifi nina wafanyakazi wanne. Kama hujui kitu sema hujui. Na fomu ile inauliza akaunti zako za mitandao ya kijamii za miaka mitano, na inauliza kama una ndugu Marekani, usimfiche ndugu yako ukidhani ndo unajisaidia.

Hapo ndo panaponitia hofu zaidi kuliko kunyimwa. Kunyimwa kunapita, utaomba tena. Uongo ukikamatwa haupiti. Uingereza wakikukuta na karatasi ya kughushi au umesema uongo wanaweza kukufungia miaka 10. Canada miaka 5. Marekani uongo wa makusudi kwenye jambo la maana unaweza kukufungia maisha, labda upate msamaha maalum. Na hizo tatu pamoja na Australia na New Zealand hupeana taarifa za viza, kwa hivyo usidhani ukifungiwa kule utajificha huku. Fomu zenyewe zinauliza kama umewahi kunyimwa viza. Jibu ni ndio, kama ni ndio, na ueleze nini kilitokea na nini kimebadilika. Schengen wana mfumo mmoja, kunyimwa na nchi moja nyengine zote zinaona, na alama zako za vidole zinaweza kutumika tena kwa maombi mengine ndani ya miezi 59. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 wameanza pia kusajili kwa mashine kila anayeingia na kutoka, hizo hadithi za "nlikaa wiki mbili zaidi wala hawakujua" zimekwisha.

Na ajenti yuko wapi wakati huo? Jina lililofungiwa ni lako, sahihi ni yako. Yule wangu nlipompigia baada ya kunyimwa alinambia "dada hiyo ni bahati, lete tena elfu ishirini tujaribu nchi nyengine." Sisemi wote ni waongo, wako wanaojaza fomu kwa uaminifu na mtu asiyejua komputa anawahitaji. Lakini akikwambia ana mtu wake ndani, ondoka. Akikwambia ataweka imeili yake na simu yake kwenye fomu badala ya zako, ondoka, manake ubalozi ukiuliza swali au ukitaka karatasi moja ya ziada hutajua mpaka muda uishe. Akikwambia uandike kazi usoifanya, ondoka mbio. Na kabla hajatuma chochote mwambie akuprintie fomu nzima, kaa chini na mtu unayemwamini msome kila mstari, hata kama itakuchukua kutoka magharibi mpaka isha. Mimi ile ya kwanza sikuisoma. Nlitia sahihi tu.

Ukishanyimwa, usiombe tena kesho yake na makaratasi yale yale. Isome barua, utafute ni karatasi ipi ilosababisha kile kisanduku kitiwe alama. Kwa Schengen una haki ya kukata rufaa kwa sheria za nchi ilokunyima na barua yenyewe inataja wapi na muda gani, angalia tarehe usiache zipite. Uingereza viza ya kutembea kawaida haina rufaa lakini barua yao huandika sababu kwa maneno marefu, na hiyo ni kama mwalimu kakusahihishia daftari, jibu kila jambo alolitaja kwa ushahidi ndo uombe upya. Marekani nako hakuna rufaa ya 214(b), unaomba upya ukiwa na kitu kilobadilika.

Siwezi kukwambia ukifanya yote haya utapata. Namjua mwalimu mmoja kafanya kila kitu sawa, karatasi zake nlizipitia mwenyewe, na wakamnyima, na mpaka leo sijaona kosa lake. Kuna maafisa wanaomuangalia mtu wa kwetu na shaka kabla hajafungua faili na hilo linauma. Lakini mwalimu yule anaweza kuomba tena akiwa kichwa juu, jina lake safi, hana barua ya kughushi inayomfuata.

Mimi mara ya pili nilipata, siku 30, kuingia mara moja. Nilikuta mtoto anatambaa. Nilirudi siku ya ishirini na nne kama nlivyosema, na ile viza ilokwisha ndo kitu cha kwanza nlichokipiga kopi kwa ajili ya safari nyengine.

Khalati tumekubaliana asubiri. Ana vyumba viwili nyuma ya nyumba kapangisha miaka yote, wapangaji wanampa kodi mkononi, kuanzia mwezi huu watalipa kwa M-Pesa na atawaandikia risiti. Mkwewe ataandika barua kwamba laki tatu ni zake na sababu ya kuzituma, na safari hii zitabaki kwake kule kule na steitimenti yake ndo itakayokuja. Hati ya nyumba ilikuwa kwenye sanduku la marehemu mumewe, hakuna alomwambia ailete. Jambo lilobaki ni jina, manake kwenye kitambulisho yeye ni Mwanaisha na kwenye cheti cha kuzaliwa cha mwanawe mama kaandikwa Esha Mwana, hata ule umama wake haukuwa na ushahidi. Jumatatu saa tatu tunakwenda naye kwa wakili kuapa, duka ntafungua saa tano.